Uzoefu wangu na dawa ya bangi hapa Toowoomba: kuipata ni rahisi, shida ni gari na kazi

Naandika hii sababu kila nikikaa na watu wa kwetu hapa Toowoomba, Australia, iwe kanisani iwe kwenye sherehe, lazima mtu anivute pembeni aulize kwa sauti ya chini, eti ni kweli daktari anakuandikia bangi? Ni kweli. Natumia kwa muda sasa, nimepitia kliniki za simu mbili tofauti, nimenunua kwenye famasi za hapa mjini na za kutumiwa kwa posta, kwa hiyo nayoyasema ni niliyoyaona, na ya sheria nimeyafuatilia sana maana leseni yangu ndio ugali wa watoto.

Jibu langu fupi kwa mwenye haraka: ukiwa na ugonjwa unaoeleweka na umeshajaribu dawa zingine, kuipata sio ngumu kabisa. Kinachobana ni baada ya kuipata. Kama unaendesha gari hapa Queensland, jimbo letu, kabla hujauliza bei, kabla hujauliza itasaidia au haitasaidia, uliza ina THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, au haina. Mengine yote yanafuata hapo.

Mimi nafanya kazi ya kisu kwenye machinjio nje ya mji, baridi muda wote na mkono unarudia kitu kimoja siku nzima, mwisho mishipa ya fahamu shingoni ikabanwa na maumivu yakawa yanashuka begani mpaka kwenye vidole, usiku silali. Nilianza na panadol na vidonge vya kupunguza uvimbe, baadaye pregabalin, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo ilinifanya kizunguzungu asubuhi, na mtu mwenye kisu mkononi hatakiwi kuwa na kizunguzungu. Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alisaidia na bado anasaidia. Ila usingizi ndio ulikuwa umekataa.

GP wangu, yaani daktari wa familia, nilimuuliza moja kwa moja na namshukuru alinijibu kama mtu mzima. Aliniambia ushahidi wenye nguvu zaidi wa hizi dawa uko kwa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali, kwa kukakamaa kwa misuli kwenye MS (ugonjwa wa mfumo wa fahamu), na kidogo kwa kichefuchefu cha dawa za saratani, lakini kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo ya saratani madaktari bingwa wa maumivu wa Australia walishatoa msimamo mwaka 2021 kwamba isiandikwe, labda ndani ya utafiti. Akasema hanikatazi, yeye tu haandiki. Nimeona niseme hili mapema sababu kuna watu wanaongea kama vile ni dawa ya kila kitu, kisukari, presha, saratani, na mtu anaacha dawa zake za kweli. Tafadhali msiache dawa zenu. Na kama unatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kifafa mwambie daktari kabla, maana CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, inagongana na baadhi ya hizo dawa kwenye ini.

Basi nikaenda kwenye kliniki ya simu. Unajaza fomu kwenye intaneti, nesi anakupigia, halafu daktari. Ya kwanza sikuipenda hata kidogo na siitaji jina. Daktari aliongea haraka haraka, hajauliza nafanya kazi gani, hajauliza naendesha gari au vipi, akataka kuniandikia maua makavu ya kuvuta kwa vaporaiza yenye THC nyingi, na skripti (karatasi ya daktari ya dawa) iende kwenye famasi yao wenyewe. Nikamwambia mimi alfajiri niko barabarani kwenda kazini, akasema "usiendeshe ukijisikia umelewa." Hapo nikaagana naye, sababu sheria ya hapa haiko hivyo kabisa, nitaieleza chini.

Ya pili ilikuwa tofauti kama mbingu na nchi. Daktari alitaka barua ya GP na majibu ya kipimo cha MRI, akauliza kazi, gari, familia, kama kuna mtu kwenye ukoo amewahi kuugua akili (hili ni muhimu, THC inaweza kuamsha matatizo hayo kwa wenye historia), akauliza na pombe. Halafu akanieleza makundi. Mafuta ya CBD ambayo karibu yote ni CBD, angalau asilimia 98 ya kemikali za bangi zilizomo, yanahesabiwa kama dawa ya kawaida ya skripti, Schedule 4. Ikiwa na THC ya kuhesabika inaingia Schedule 8, kundi moja na morfini, masharti yake makali zaidi. Tukaanza na CBD.

Kwa wanaouliza ni halali kivipi: bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuruhusu kulima bangi ya dawa tarehe 24 Februari 2016, na kuanzia Novemba mwaka huo ikawekwa rasmi kwenye orodha ya dawa za skripti. Bidhaa nyingi bado hazijasajiliwa kama dawa kamili, zilizosajiliwa ni mbili, Sativex na Epidyolex, kwa hiyo hizo nyingine daktari anaziandika kwa ruhusa maalum ya TGA, mamlaka ya dawa ya Australia. Kazi ya kuomba ni ya daktari, wewe hujazi kitu. Hapa Queensland tangu Juni 2019 daktari yeyote aliyesajiliwa anaweza kuandika, sio lazima bingwa, kwa hiyo hakuna haja ya kushuka Brisbane kumfuata mtu. Ila bangi ya mtaani bado ni kosa, na hata ukiwa na skripti huruhusiwi kupanda mche hata mmoja nyuma ya nyumba. Wanaosikia kwamba "Australia wameruhusu," hiyo ni Canberra tu, kule ACT, eneo la mji mkuu, tangu Januari 2020 mtu mzima anaruhusiwa kuwa na gramu 50 zilizokauka na miche miwili. Toowoomba sio Canberra, jamani.

Kuna kitu kingine sikukijua kabla hii haijanigusa, na kilinigusa kweli. Hii sheria haikuanzia Sydney wala Melbourne, ilisukumwa na familia moja ya Tamworth, mji wa shambani kama wetu, na New England Highway hii inayopita hapa Ruthven Street ndio hiyo hiyo ukiifuata kusini inakufikisha Tamworth. Kijana anaitwa Dan Haslam alikuwa na saratani ya utumbo, kemo inamtapisha hawezi kula, bangi ikamtuliza. Mama yake Lucy alikuwa nesi, baba yake alikuwa polisi wa kitengo cha dawa za kulevya, yaani mtu aliyekuwa anakamata watu kwa kitu hicho hicho. Wakasimama hadharani mtoto wao akiwa hai, wakaongea na wabunge na waandishi. Dan alifariki 24 Februari 2015, ana miaka 25, na sheria ikapita siku ile ile mwaka uliofuata. Nikifikiria wazazi wale walivyojianika mbele ya nchi nzima kwa jambo ambalo kwetu mtu anaogopa hata kumwambia shemeji yake, naona na mimi naweza kuandika haya.

Turudi kwenye huduma. Skripti inakuja kwenye simu kama ujumbe, una haki ya kuipeleka famasi unayotaka, usikubali kufungwa na famasi ya kliniki. Mimi nililinganisha na bei zilitofautiana sana kwa chupa ile ile. Mara nyingi famasi hawana stoku, wanaagiza, inachukua siku kadhaa, kwa hiyo usisubiri chupa iishe ndio uanze kuhangaika. Bei sasa: hii haipo kwenye PBS, mpango wa serikali wa kupunguza bei za dawa, isipokuwa Epidyolex kwa aina maalum za kifafa, kwa hiyo unalipa yote mfukoni. Chupa yangu inacheza kwenye dola 150, na kliniki nayo inataka hela yake kila ukionana na daktari, Medicare, bima ya afya ya serikali, hairudishi. Kwa familia ya mshahara mmoja ni mzigo kweli, na hapa ndio naona haki haijatendeka, maana mwenye nacho analala na asiye nacho anarudi kwa muuzaji wa mtaani.

Imenisaidia? Usingizi ndiyo, sio siku ya kwanza, ilichukua muda na daktari akiongeza kidogo kidogo. Maumivu yamepungua kiasi, hayajaisha, na siwezi kuapa kwamba sio fizio. Madhara niliyopata ni tumbo kulegea mwanzoni na mdomo kukauka. Kulewa hakuna, CBD hailewi.

Baadaye daktari akapendekeza kuongeza mafuta yenye THC kidogo usiku. Nikakataa, na sababu ni barabara. Queensland ukiendesha gari ukiwa na THC yoyote kwenye mate au damu ni kosa, hawapimi kama umelewa, wanapima ipo au haipo, na karatasi ya daktari sio utetezi. Polisi anakusimamisha pale Warrego Highway, unalamba kile kipimo, kikionyesha wanakusimamisha kuendesha saa 24 na kama maabara ikithibitisha kesi inakwenda mahakamani, leseni inafungiwa. THC inaweza kubaki kwenye mate masaa mengi baada ya kulewa kuisha, na kwa mtu wa kutumia kila siku zaidi. Mtu anayekunywa morfini kwa skripti na hajalewa hashtakiwi kwa kuwa nayo tu kwenye mate, huyu wa mafuta ya usiku anashtakiwa. Tasmania wao wameshaweka sawa, ukiwa na skripti na hujaathirika unaendesha. Victoria tangu Machi 2025 hakimu anaweza kuamua asikufutie leseni. Hapa kwetu bado. Sisi tunaoishi huku mabasi ni ya kubahatisha, zamu inaanza kabla jua halijatoka, kumwambia mtu achague usingizi au usukani ni kumwambia achague maumivu au kazi. Naomba wenye kura waandikie wabunge wao kuhusu hili, mimi nimeshaandika.

Hata kwa CBD kuwa makini. Asilimia 2 iliyobaki inaweza kuwa na THC kidogo. Niliomba ile ya CBD tupu, wanaiita aisoleti, na nikamwomba mfamasia anionyeshe cheti cha maabara. Kazini nako wanapima mate, na sheria za kazi hazijali skripti moja kwa moja. Mimi nilipeleka barua ya daktari kabla ya kuanza, nikaongea na yule wa usalama kazini, nikabaki na nakala. Fanyeni hivyo, msingoje kupimwa.

Sasa hempu, ile aina ya mmea wa bangi isiyolewesha, maana naona kina mama wengi wananunua yale mafuta yake kwenye supamaketi za Woolworths na Coles wakidhani ndio dawa yenyewe kwa bei nafuu. Hapana. Mafuta yale yanakamuliwa kwenye mbegu, na mbegu karibu haina CBD wala THC. Ni chakula, kimeruhusiwa kuuzwa Australia tangu 12 Novemba 2017, na kama chakula nakipa alama nzuri sana. Mbegu zilizomenywa zina ladha kama korosho mbichi, mke wangu ananyunyizia kwenye uji wa watoto na kwenye mboga za majani, protini ipo ya kutosha. Mafuta usikaangie, moto mwingi unayaharibu, weka kwenye saladi. Ila ukimpaka bibi kwenye goti ukitegemea maumivu yaishe unamwaga hela. Na ukiona mtu anauza "mafuta ya CBD" kwenye Facebook bila skripti, hiyo haijaruhusiwa hapa. Kweli tangu Februari 2021 sheria ilifungua mlango wa CBD kidogo, mpaka miligramu 150 kwa siku, kuuzwa na mfamasia bila skripti, lakini lazima bidhaa iwe imesajiliwa kwanza, na mimi famasi zote nilizouliza hapa mjini jibu ni lile lile, lete skripti.

Kwa wazee wasiojua Kiingereza: usimpeleke mtoto wa shule kutafsiri mambo ya dawa. Piga TIS National, huduma ya wakalimani kwa simu, 131 450, Kiswahili kipo, na GP anaweza kuwatumia bure ukiwa na Medicare. Famasi pia. Kliniki za simu nyingi hazipendi sababu inachukua muda, uliza kabla hujalipa. Mama mdogo wangu ana maumivu ya miguu, alipoelezewa na mkalimani kwa Kiswahili safi tofauti ya CBD na THC, akauliza maswali yake yote mwenyewe, mwisho akasema hataki, atabaki na dawa zake. Ni uamuzi mzuri kabisa na ulikuwa wake.

Na kama unasafiri kwenda nyumbani, chupa iache Toowoomba. Kenya na Tanzania bangi ni jinai nzito, na skripti ya Australia usitegemee itakuokoa uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar. Mimi nikienda Kigoma naonana na daktari wangu mapema tunapanga nitatumia nini kwa muda huo.

Kliniki ya pili naipa nyota nne, nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya gharama. Ya kwanza naipa moja. Mfamasia wangu wa hapa mjini tano, anapiga simu mwenyewe mzigo ukifika. Wenye maswali kuhusu barua ya kazini niulizeni, nitawaonyesha yangu ilivyoandikwa nikifuta majina.