Bakodi za korosho zangu: nilianza na za bei chee, zikanitokea puani

Mimi nakaanga korosho hapa Mtwara mjini, nachukua zilizobanguliwa kwa akina mama wa Newala, nafungasha robo na nusu kilo. Siku zote nauza kwa WhatsApp, mzigo napakia kwenye basi la usiku mteja wa Dar anaupokea asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya bakodi, ile michoro ya mistari yenye namba inayosomwa na skana dukani. Mpaka duka moja la mtandaoni likanambia dada korosho zako tumezipenda ila mfumo wetu haupokei bidhaa isiyo na bakodi.

Basi nikapekua mtandaoni nikakutana na jamaa anauza, elfu tano moja. Nikasema si ndo hizi hizi! Nikalipa elfu kumi nikatumiwa picha mbili, mbio mbio nikachapisha stika 500. Kule dukani kuingiza namba, mfumo ukaleta shampuu. Shampuu jamani, tena wanaiuza tayari, ya kampuni ya nje huko. Jamaa nampigia hapatikani mpaka leo.

Kijana wa stoo wa lile duka ndo akanifumbua macho, akasema ile michoro hata programu ya bure inakuchorea, unacholipia ni namba iliyosajiliwa kwa jina lako. Kwetu zinatolewa na GS1 Tanzania na tarakimu zake za mwanzo ni 620 (za Kenya ni 616). Nikaomba, nikapeleka TIN na leseni na orodha ya bidhaa, nikapata zangu. Ada yake ni ya kila mwaka kwa hiyo ipigie hesabu mapema, usije ukakata tamaa katikati. Halafu nilidhani namba moja inatosha, kumbe robo ina yake, nusu ina yake, na ukileta ya pilipili nayo inataka yake. Kila namba ina tarakimu 13, ile ya mwisho inatokana na hesabu ya zile 12 za mbele, ukikosea moja skana inakataa. Na wale wanaowaambia wateja 620 maana yake bidhaa ya Tanzania waache, hiyo inaonesha namba imesajiliwa wapi tu, wala haina uhusiano na TBS, wale wa viwango, ubora ni safari nyingine.

Sasa kosa la pili nililifanya mwenyewe. Nembo yangu ni nyekundu rangi ya bibo, nikamwambia mchapishaji mistari nayo apige myekundu ifanane. Ikatoka inapendeza kweli! Skana ikagoma. Ukiangalia ile taa yake ni nyekundu, sasa mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe kwake ni kama hakuna kilichoandikwa, vyote vyeupe. Nikarudia kwa nyeusi, nikaacha uwazi mweupe kulia na kushoto, upana ukawa sentimita 3 na ushee, maana chini ya asilimia 80 ya saizi ya kawaida inaanza kusumbua. Usiiweke pia kwenye mkunjo wa pakiti, mimi nimehamishia mgongoni penye bapa, inalia tiii mara ya kwanza tu.

Hao GS1 nawapa nyota nne, ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya hiyo ada, sisi wa pakiti mbili tunaisikia. Stika za shampuu bado zimejaa boksi, nyuma yake naandikia wanaonidai na ninaowadai.