Sakafu ipi kwa chumba kipi: vigae, terazo, mbao za plastiki na simenti kwa nyumba zetu za Uganda

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina kigae cha seramiki, kigae cha poselini, kipande cha terazo, ubao wa lamineti, ubao wa SPC (ule wa unga wa mawe na plastiki), na zulia la plastiki lile linalouzwa kwa kukatwa mita. Vyote vinapatikana hapa Kampala, na vyote vina kazi yake. Ubaya huanza pale kimoja kinapopelekwa chumba kisicho chake.

Kila nikiingia nyumba mpya, iwe Kira, Mukono au Tororo, nakuta kigae kilekile cheupe cha sentimita 60 kwa 60, kinang'aa, kimetandazwa kuanzia varanda, sebuleni, jikoni, mpaka bafuni. Dukani kilipendeza chini ya taa. Lakini dukani hakuna mvua ya Aprili, hakuna udongo mwekundu, wala hakuna bibi anayetoka kuoga. Nawaomba kabla ya kuulizia rangi mjiulize mambo mawili: hapa patamwagika maji kiasi gani, na nani atapita pekupeku?

Tuanze bafuni, maana huko ndiko watu wetu wanakovunjika nyonga. Tazameni. Hiki kigae kinachong'aa nakimwagia maji ya sabuni, navua kiatu, nakanyaga. Mguu umekwenda wenyewe. Sasa hiki kingine, uso wake hauna mng'ao na ukipitisha kiganja unahisi kinakwaruza. Maji yaleyale, sabuni ileile, mguu umetulia.

Kwenye boksi la vigae vya sakafu tafuta herufi R na nambari, kuanzia R9 mpaka R13. Nambari ikipanda, kigae kinashika zaidi. Bafuni sishuki chini ya R10, na varanda inayopigwa na mvua nataka R11. Kuna boksi zenye herufi A, B au C. Hizo hupimwa kwa mguu mtupu juu ya maji ya sabuni, kwa hiyo kwa bafu ndizo zenye maana zaidi, na C ndiyo inayoshika kuliko zote. Pale unapooga, chukua B kwenda juu. Boksi likiwa kimya, fanya nilivyofanya mimi sasa hivi: omba kipande kimoja, lowesha, vua kiatu, kanyaga. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakukatalia.

Tena bafuni vigae viwe vidogo, 30 kwa 30 au chini ya hapo. Sakafu ya bafu inatakiwa iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, na kutoka kila upande. Kigae kikubwa hakiwezi kuinama pande nne, kwa hiyo fundi ama atakikatakata ama atakilaza tambarare, na maji yatabaki yamesimama pembeni. Vigae vidogo vinafuata mteremko, na ile mistari mingi ya grauti, yaani simenti ya kuziba mianya kati ya vigae, inasaidia mguu kushika. Chini yake usisahau dawa ya kuzuia maji, ipakwe sakafuni na ipande ukutani, kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Kwa nyumba ambazo watu wanatawadha mara tano kwa siku, hesabuni na ile korido ya kutokea bafuni. Nyayo zenye maji zinapita pale kila siku, na wazee wanapita kabla hakujapambazuka. Kigae kinachoshika kifike mpaka mlango wa chumba.

Sasa seramiki na poselini, kwa sababu dukani utaambiwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Vigeuze. Nadondosha maji mgongoni mwa hiki cha seramiki, mnaona yananywewa, doa linabaki. Mgongoni mwa poselini maji yamekaa juu tu. Kwa viwango vya kimataifa poselini hainywi zaidi ya 0.5% ya uzito wake. Vigae vya ukutani hunywa zaidi ya 10%, ndiyo maana cha ukutani hakilazwi sakafuni hata kama rangi yake imekupendeza. Siku hizi vigae vinatengenezwa hapahapa nchini, kule Kapeeka wilayani Nakaseke, kwa hiyo usikubali kuambiwa kizuri lazima kitoke nje ya nchi. Geuza, mwagia maji, uone mwenyewe.

Huku kutokunywa maji kuna gharama yake. Uji wa simenti hushika kigae kwa kuingia ndani yake kidogo, na poselini haiuruhusu kuingia. Inataka gundi ya vigae, ipakwe kwa mwiko wenye meno, na ijae mgongo mzima. Fundi anayeweka mabonge manne pembeni na moja katikati anakuachia mashimo ya hewa chini ya kigae. Kwa macho huoni chochote, mpaka kitu kizito kiangukie pale.

Hapo tumefika jikoni. Jiko letu lina kinu cha karanga na lina sigiri, na wauzaji wa sakafu hawalizungumzii hilo. Kinu kikipigwa juu ya kigae chenye shimo la hewa, kigae kinapasuka. Kwa hiyo jikoni nachagua poselini isiyong'aa, rangi ya kijivu au kahawia, imejazwa gundi sawasawa, na kutwanga kufanyike nje au penye simenti tupu. Na sigiri? Kaa moja likidondoka juu ya zulia la plastiki linatoboa palepale, na juu ya SPC linaacha doa lisilotoka. Nyumba inayopikia makaa ndani isiweke plastiki ya aina yoyote jikoni. Hapo sina maneno ya kupunguza.

Sebuleni ndipo nakubali kile kigae kikubwa, sharti mlangoni pawe na kitu cha kupangusia miguu. Vumbi la udongo mwekundu limechanganyika na mchanga, na mchanga ndio unaokwaruza mng'ao. Vigae vyenye rangi ya kupakwa juu hupewa daraja la PEI kutoka 1 mpaka 5, yaani vinavumilia kukanyagwa kiasi gani. Sebuleni chukua 3 au 4, na karibu na mlango wa nje 4 kwenda juu. Grauti nyeupe iacheni. Baada ya msimu mmoja wa mvua itakuwa nyekundu, na hakuna brashi itakayoirudisha. Kijivu au kahawia, basi.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Boksi la vigae vinne vya 60 kwa 60 linafunika 1.44. Ongeza 10% ya kukatwa na kuvunjika, unapata 13.2, gawa kwa 1.44, ni maboksi tisa na kidogo, nunua 10. Vyote siku moja, na kila boksi liwe na nambari ileile ya mkupuo wa kiwandani, maana rangi ya mkupuo mwingine haitalingana hata kama jina ni lilelile. Vinavyobaki vitunzeni. Miaka sita ijayo kigae kimoja kikipasuka, hicho cha akiba kitakuwa dhahabu.

Chumba cha kulala hakina maji wala makaa, kwa hiyo hapa ndipo mbao hizi mbili zina nafasi. Lamineti ndani yake ni unga wa mti ulioshindiliwa, juu kuna picha ya mbao. Inapendeza na mguuni ina joto, jambo ambalo watu wa Kabale na Kapchorwa wanalielewa bila kuelezwa. Lakini maji yakiingia kwenye maungio, inavimba na hairudi. SPC ni unga wa mawe ya chokaa na plastiki, haivimbi kwa maji, na kwa nyumba nyingi za Kampala ningeichukua hiyo kwanza. Zote mbili ziachiwe nafasi ya karibu milimita 8 hadi 10 ukutani, zifichwe na ubao wa pembeni, maana hutanuka na kusinyaa.

Kabla hujalipia yoyote kati ya hizo, pima unyevu. Chukua nailoni nzito ya kama nusu mita kila upande, ibandike juu ya simenti kwa utepe pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukifunua ukakuta matone chini au simenti imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini, na kwenye maeneo ya bondeni kama Bwaise hilo ni la kutarajia. Hapo lamineti ni hasara. Kama nyumba bado inajengwa, nailoni nzito itandikwe chini ya zege kabla halijamwagwa, kwa sababu baadaye huwezi kuiingiza. Skridi mpya, lile tabaka la simenti na mchanga la kusawazisha sakafu, nayo hukauka polepole, takribani milimita moja kwa siku, hivyo ya milimita 50 ipe karibu miezi miwili kabla ya kuweka mbao. Fundi atakuharakisha. Usikubali.

Nimefika kwenye ninayoipenda, na sifichi. Terazo. Watu wanaiona ya kizamani kwa sababu wameizoea kwenye hospitali na ofisi za serikali, lakini waangalie imekanyagwa na watu wangapi na bado ipo. Ni vipande vya marumaru ndani ya simenti, vimegawanywa kwa vipande vyembamba vya plastiki, alumini au shaba ili nyufa zisitembee, kisha mashine inasaga kuanzia jiwe korofi mpaka laini. Marumaru yenyewe tunayo, Karamoja kule Moroto inachimbwa. Ikichakaa haing'olewi, inasagwa upya. Kwa varanda, ngazi na korido sijaona cha kuishinda, ila varanda mwambie fundi aishie jiwe la kati, asiifanye kioo, maana terazo iliyong'arishwa nayo huteleza ikilowa. Kusaga kunatoa tope jingi, kwa hiyo kufanyike kabla ya rangi na milango. Na asidi ya kusafishia choo isiiguse kamwe, wala ndimu isiachwe ikauke juu yake. Asidi inakula marumaru na simenti pia.

Kwa wenye bajeti ndogo, na ndio wengi wanaoniandikia: simenti iliyopigwa niru vizuri ni sakafu kamili. Simenti moja kwa mchanga tatu, mchanga safi usio na udongo, uliochekechwa. Imwagiliwe siku saba, asubuhi na jioni, bila kuruka, kwa maana bila maji inakuwa unga na utaifagia kila siku. Ukitaka wekundu, oksaidi, yaani rangi ya unga, ichanganywe kwenye tabaka la juu, halafu nta. Juu yake mkeka wa ukindu, na watoto wanakaa vizuri. Ningeona heri mtu aweke simenti nyumba nzima na kigae kinachoshika bafuni peke yake, kuliko kutandaza kigae rahisi kinachoteleza kila mahali.

Vijijini ambako bado ni udongo mtupu, vumbi la ndani ndilo makao ya funza, na watu wa Busoga wamelipia hilo kwa miguu ya watoto wao. Kuna kampuni ya EarthEnable, ilianzia Rwanda na sasa inafanya kazi Uganda pia: inashindilia udongo, inasawazisha, kisha inapaka mafuta ya mbegu za kitani yanayokauka na kuwa ngozi ngumu inayofagilika na kupanguswa. Haihitaji zege. Kwa familia isiyo na uwezo wa simenti, ulizieni.

Na kwa waliokwisha kulaziwa vigae wiki hii, kabla ya kumalizia malipo ya fundi chukueni sarafu ya shilingi 500, piteni mkigonga kila kigae, katikati na pembe zote nne. Penye mlio mzito pamejaa. Penye mlio wa kopo tupu tia alama ya chaki, na fundi aking'oe arudie akiwa bado yupo hapo.