Kopo langu la risasi za mbogo: zilizofika na zilizovunjikia njiani

Nimechuna ngozi misimu 11 kwenye kambi za uwindaji kaskazini ya Chunya, ukiipita Makongolosi kuelekea Rungwa. Sijawahi kumfyatulia mnyama hata mara moja. Lakini ukitaka kujua risasi ipi inamfaa mbogo, aliyefyatua muache kwanza, maana anachokumbuka ni mshindo wa bunduki na picha aliyopiga na pembe. Niulize mimi niliyezamisha mkono hadi kiwiko kuitafuta.

Kila risasi ninayoikuta mwilini naiosha, naifunga na kikaratasi cha kueleza iliingilia wapi na imekomea wapi, kisha naitia kwenye kopo tupu la Blue Band. Nikishuka Makongolosi nampelekea jamaa anayenunua dhahabu anipimie. Mwanzoni alininunia: mizani ya kupimia pointi za dhahabu naiwekea vyuma vinavyonuka nyama! Siku hizi akiniona tu anauliza, "Leo umeleta ya mgeni gani?"

Msimu wa juzi tulipata mgeni Mmarekani. Bunduki yake ilikuwa ya kaliba .375 (upana wa mtutu kwa inchi), maana kambini kwetu hakuna anayemwendea mbogo na kitu kidogo kuliko hiyo. Ila kwao, alisema, swala wao huwawinda kwa gobole. Usifikirie gobole la babu lililofungwa kwa waya. Hili ni la kisasa, kaliba .50, lina darubini, lakini baruti na risasi bado unavishindilia kwa mdeki kutoka mdomoni. Alikuwa amepanga mwaka unaofuata aende Afrika Kusini kumpiga mbogo kwa gobole hilo. Basi jioni moja akaja bandani kwangu na kimfuko cha ngozi, akapanga risasi nne juu ya meza ninayochunia. "Rafiki," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "wewe chagua."

Mtu anayemlipa bosi wetu pesa zote zile anamuuliza mchuna ngozi! Nilinawa mikono, nikaleta kopo.

Cha kwanza nilichomtolea hakikutoka kwenye bunduki ya mgeni yeyote. Mwaka mmoja tulileta dume zee, lile ambalo uso umebaki makovu na masikio yamechanika. Nikiwa navuta ngozi ya bega kisu kikagonga kitu kigumu mfano wa harage bichi. Nikakipasua. Ndani ya ganda jeupe la kovu gumu ilikuwemo gololi ya gobole, imebonyea ikawa bapa kama kifungo cha koti. Jangili mmoja, siku zake, aliifyatua ikaishia kwenye mfupa wa bega. Mbogo akaendelea kula majani na kuzaa watoto. Kwenye mizani ya dhahabu ilisoma gramu 10.8.

Mgeni akaishika, akaitazama gololi yake ya kwanza pale mezani, ya duara na laini, gramu 11 na nusu hivi. Bila kusema neno akairudisha mfukoni. Tukabaki na tatu.

Hapa lugha yetu inatuchanganya kidogo, maana madini ni risasi na kinachotoka bundukini nacho ni risasi hata kikiwa shaba tupu. Lakini madini yenyewe hayafanani. Chukua kipande cha madini safi ukikwaruze kwa ukucha, utaacha mstari. Yaliyochanganywa na antimoni na bati, ukucha unateleza tu. Nilifanya hivyo mbele ya mgeni kwa mbili ndefu kati ya zile tatu. Ya kwanza ilichorwa alama kama sabuni ya mche, ya pili ukucha wangu ndio uliopinda.

Iliyobaki, ya tatu, ndiyo iliyomvutia yeye kuliko zote. Ilikuwa risasi ya bastola, ina tundu puani, imevishwa kikombe cha plastiki ili iwe saizi ya mtutu. Gramu 16. Nzuri kwa macho, na alisema kwao swala akiguswa nayo haendi mbali. Namwamini. Tundu lile limewekwa ili risasi ichanue haraka ikigusa nyama, na kwa mnyama wa kilo 80 hiyo ndiyo kazi yake. Dume la mbogo linafika hata kilo 700 na zaidi, shingo na bega vimeviringishwa ngozi nene, na mbavu zake ni pana, zimekaribiana kama mbao za dari. Risasi ikichanua kwenye ngozi, ya kuufikia moyo ni ipi?

Nikamwonyesha kidole changu cha shahada. Kovu lile nililipata kwa risasi ya .375, aina ninayoiacha bila jina, ile tunayoiita sofu: ganda jembamba la shaba nje, madini laini ndani. Ilikuwa ya gramu 19.4 ilipotoka kiwandani. Mgeni wa msimu ule alipiga vizuri kabisa, nyuma kidogo ya bega, chini, theluthi ya chini ya kifua ambako moyo unakaa. Mbogo akaingia kichakani, jua likazama. Wafuata nyayo walilala na wasiwasi wao, alfajiri wakarudi na mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni. Yule dume alikuwa amezunguka nyuma akawasubiri kando ya nyayo zake mwenyewe. Mzee wetu wa nyayo, mtu wa miaka 60, alipanda mti ambao mpaka leo hawezi kueleza aliupandaje, kandambili moja ikabaki chini. Mwindaji bingwa alimmaliza mbogo kwa hatua kama 15.

Nilipochuna nilielewa. Ganda la shaba lilikuwa limevuka ubavu peke yake, limekunjuka petali kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, na ndilo lililonichana nikiwa napapasa pafuni. Madini yalimwagika njiani, vipande vidogo vidogo kwenye nyama, nikalazimika kukata na kutupa mnofu mzuri kiganja kizima kuzunguka tundu. Kilichobaki kilipimwa gramu 8.7. Zaidi ya nusu ya risasi ilipotea kabla ya kufika ilikotumwa.

Kwenye kopo hilohilo ninazo risasi sita za aina ya Swift A-Frame. Ukiikata katikati utaona ina vyumba viwili, na kati yake ukuta wa shaba. Chumba cha mbele kinachanua, cha nyuma kinabaki mzigo wa kusukuma. Zote sita nimezikuta upande wa pili, zimekwama chini ya ngozi, umbo la uyoga. Nyepesi kuliko zote ni gramu 18.6. Kama bei isingekuwa hoja ningesema wageni wote waje na hizo. Solidi, yaani risasi isiyochanua, ninazo mbili tu, na si kwa ubaya wake. Solidi haiachi kitu kwa mchuna ngozi, inatoboa na kwenda zake, ndiyo maana mwindaji bingwa akiona mbogo mwingine kasimama nyuma hukataa kabisa isipigwe.

Mgeni aliniuliza swali la maana: hizo zote ni za .375, gobole linahusikaje? Linahusika zaidi. .375 inatoka na kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Gobole lake likibeba risasi nzito linapata mita 400 hivi. Kasi huwezi kuiongeza sana kwa baruti nyeusi, na mwenye tamaa ya kutia baruti ya risasi za kisasa kwenye gobole lisilotengenezewa hiyo atapasukiwa na mtutu usoni. Unachoweza kuongeza ni uzito, na ugumu. Wawindaji wa zamani walilijua hili. Selous, mwindaji Mwingereza, huyohuyo aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917, alipokuwa kijana miaka ya 1870 alipiga tembo kwa magobole ya gololi nne kwa ratili, yaani gramu 113 kila moja. Teke la bunduki hizo lilimfanya ajute baadaye. Bega la mgeni wangu lisingelimudu.

Kwa hiyo nikaisukuma mbele ile ndefu ngumu. Gramu 32, pua bapa kama kichwa cha msumari. Pua bapa naipenda kwa sababu kwenye miili niliyopasua huacha njia iliyonyooka na pana. Zilizochongoka nimezikuta zimepinda, moja ilikwenda kukomea kwenye utumbo wakati iliingilia begani. Ile ndefu laini nayo si mbaya, ningempa mtu anayewinda pofu au kuro. Kwa mfupa wa bega la mbogo ningeogopa igeuke kifungo kingine.

Kasoro ya hiyo ngumu aliisema mwenyewe: haikubali kushindiliwa kama imebana mtutu, maana haichongeki. Inabidi iwe nyembamba kidogo na ivae kikombe, na ifike chini mpaka ikalie baruti, pasibaki nafasi katikati. Kushindilia upya, akiwa ametulia, kulimchukua kama nusu dakika. Nikamuuliza mbogo anachukua muda gani kukata mita 50. Akacheka, akasema atasimama karibu na mwindaji bingwa wake.

Agosti iliyopita aliniandikia WhatsApp kutoka Limpopo. Picha ya dume, pembe pana, gobole limelazwa mgongoni. Alipiga kwa ile ngumu, mita 40, begani. Mbogo alikimbia kama mita 60 akaanguka, ingawa mwindaji bingwa aliongeza yake kwa tahadhari. Mgeni akauliza wamepekua nyama yote hawaioni risasi, wanitafutie wapi ya kunitumia niitie koponi? Nikamjibu waache nyama, warudi pale mbogo alipokuwa amesimama, watazame miti ya upande wa pili.

Hawakuipata.