Uzoefu wangu Lübeck: msiishie Holstentor

Jamani mnaoishi Hamburg au mnaokuja kusalimia ndugu huku Ujerumani, Lübeck nendeni. Kutoka Hamburg Hauptbahnhof kwa treni ya mkoa ni kama dakika 45 tu na Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma Ujerumani nzima) inakubali, yaani huongezi hata senti. Mimi nilienda kipindi cha joto nikalala kabisa, na ningewashauri na nyie mlale, sababu wengi wanashuka stesheni wanapiga picha kwenye geti la Holstentor wananunua marzipan (peremende laini za lozi na sukari) wanarudi, afu wanasema mji mdogo hauna kitu. Si kweli hata kidogo.

Holstentor lenyewe zuri, sikatai. Ni geti la mji lenye minara miwili minene, limejengwa kati ya 1464 na 1478, na ukiliangalia vizuri unaona limeinama kwa sababu udongo wa pale ni laini likadidimia. Ila hapohapo pembeni, kwenye mto Trave, kuna majengo sita marefu ya matofali ya kuchoma, watu wanayapita tu. Hayo ndo maghala ya chumvi na kwa maoni yangu ukitaka kuuelewa huu mji anza hapo. Chumvi ilikuwa inatoka Lüneburg, mwanzoni kwa mikokoteni, baadaye kwa mfereji wa Stecknitz uliomalizika 1398, ikifika Lübeck inapakiwa melini hadi Scania, kusini mwa Sweden ya leo, ambako kulikuwa na samaki aina ya heringi wengi ajabu, wanatiwa chumvi kwenye mapipa wanauzwa karibu Ulaya yote, maana Wakristo wa zama hizo siku za mfungo walikuwa hawagusi nyama na siku zenyewe zilikuwa nyingi mno, kwa hiyo aliyekuwa na chumvi na meli alikuwa na hela. Maghala yanayoonekana sasa ni ya baadaye kidogo, kati ya 1579 na 1745, lakini biashara ilikuwa ileile.

Hela hiyo utaiona ukiingia Marienkirche. Wafanyabiashara walitaka kanisa lao lipite la askofu, na walifanikiwa, dari la matofali liko mita 38.5 juu, shingo itauma. Kilichonishika zaidi kiko chini ya mnara wa kusini. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi 1942 ndege za Uingereza zilipiga mji, kanisa likaungua, kengele zikaporomoka kutoka juu, na vipande vyake wameviacha palepale vilipoangukia, vimepasuka na kuzama kwenye sakafu. Hakuna aliyeongea kwa sauti pale. Nilikaa muda mrefu na sijutii, hata kama picha zangu za siku ile hazikuwa nyingi.

Sasa twende kwenye vichochoro, hii ndo sehemu niliyoipenda kupita zote. Kuna kama 90 hivi vimebaki, wao wanaviita Gänge, unaona kitundu tu kati ya nyumba mbili kubwa za mbele, unainama, unatokea uani kuna vinyumba vidogo vimepangana na maua mlangoni. Zamani vilikuwa vya vibarua na watu wa kipato cha chini, tajiri anakaa mbele barabarani, wao nyuma. Aliyezoea Mji Mkongwe Zanzibar hatapotea humo, utatembea kwa raha zako. Lakini wanaishi watu, sio maonyesho, salimia, punguza sauti na usichungulie madirisha. Füchtingshof kwenye Glockengießerstraße ni ua mkubwa zaidi, ulijengwa 1639 kwa ajili ya wajane wa wafanyabiashara na manahodha, ukikuta umefungwa rudi baadaye maana hauwi wazi siku nzima.

Makumbusho ya Hanse, yaani ule muungano wa zamani wa wafanyabiashara na miji ya kaskazini mwa Ulaya (Europäisches Hansemuseum, yalifunguliwa 2015), lipeni muingie. Tiketi unaigusisha kwenye vituo inakuletea maelezo kwa lugha uliyochagua, Kiingereza kipo, na wamejenga upya masoko ya Brugge na Bergen unatembea ndani yake. Jipe nusu siku, ukikimbia utatoka na kichwa kimejaa majina tu. Heiligen-Geist-Hospital nayo msiiruke, jengo la 1286, na ndani kuna vijumba vya mbao vidogo kama kabati walivyokaa wazee hadi 1970.

Kasoro zipo. Barabara ni za mawe ya duara, begi la magurudumu na kigari cha mtoto utateseka, mtu mwenye magoti mabovu avae viatu vya maana. Chakula mtaa mkuu ni ghali, mgahawa mmoja niliokaa karibu na mto huduma ilichelewa mno na samaki alikuja wa baridi, nikashiba vizuri zaidi kwa doner ya mtaa wa nyuma. Marzipan ya Niederegger, wapo tangu 1806, foleni mchana ni ndefu, nendeni asubuhi wakifungua.

Nyota nne na nusu kutoka kwangu. Mnara wa kanisa la Petrikirche una lifti, pandeni jioni mtauona mji wote ulivyozungukwa na maji. Na mkiwa na siku ya ziada treni ya Travemünde inawafikisha baharini upesi, tiketi ileile, kuna ufukwe wa mchanga na meli ya matanga Passat ya mwaka 1911 imeegeshwa ng'ambo ya mto, watoto wataipenda.