Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani: kabla hujalipa, uliza sehemu ya mvua inafunguliwaje

Mwezi wa nne usiku mmoja mvua ilipiga hapa Lushoto toka saa nne mpaka alfajiri, karai nililoacha uani likajaa likamwagika, mitaro ya kwenye matuta inatoa maji ya matope tu, halafu asubuhi naangalia skrini ya kituo changu kipya imeandika milimita 0.6. Sifuri nukta sita! Na jirani yangu keshafika mlangoni, "mama, jana imepiga ngapi?", maana alikuwa amepiga dawa kwenye kabichi anataka kujua kama imeoshwa yote.

Nikachukua bisibisi nikapanda kwenye nguzo yenye sensa za nje, zile zinazotuma namba kwenye skrini. Skrubu sita, mbili zimefichwa chini ya stika, moja inazunguka bure haitoki. Nilipofungua nikakuta nyigu kajenga kinyumba chake cha udongo pembeni ya kile kijiko cha ndani, kidogo tu kama punje ya kunde, ila kijiko kimekwama kimeegemea upande mmoja na maji yanapita juu yake yanaenda zake. Hivi vifaa karibu vyote vinapima mvua hivyo: maji yanaingia kwenye faneli, yanajaza kijiko, kijiko kinapinduka, kila kikipinduka sensa inahesabu. Kikikwama hakuna hesabu, na skrini haikwambii kitu, inaendelea kuonyesha namba kama kawaida.

Ndio maana mimi sasa hivi sitaki kusikia habari ya skrini ya rangi wala vijipicha vya mawingu. Swali langu ni moja: hiyo sehemu ya mvua naifungua kwa mkono au kwa bisibisi? Kwetu huku kuna vumbi la kiangazi, buibui, nyigu, kinyesi cha ndege, utasafisha kila mwezi upende usipende, na kama kila mara inabidi ushushe nguzo nzima, utaacha. Niliacha, yakanikuta.

Kwa hiyo namba moja kwangu, na naisema wazi naipenda, ni ya kampuni ya Ecowitt, ile sensa ya WH40 ya mvua peke yake pamoja na GW1100, kiboksi cha ndani cha kupokea namba zake. Faneli unaizungusha kwa mkono inatoka, unafuta kijiko kwa mswaki wa zamani, dakika mbili umemaliza. Inatumia betri moja ya AA. Na kwa sababu iko peke yake unaiweka chini mahali pa wazi ambapo mvua inapimwa vizuri, sio juu ya nguzo kwenye upepo unaopeperusha matone, ambapo zile za vyote-kwenye-kimoja, zenye mvua, upepo na joto kwenye kifaa kimoja, zinakulazimisha. GW1100 haina skrini, unaangalia kwenye simu, inataka waifai ya gigahetzi 2.4 na umeme wa USB, na haina kumbukumbu ya ndani kwa hiyo umeme ukikatika hairekodi, mimi nimeiwekea pawabanki. Kitu kingine nakipenda, kwenye programu yake unachagua siku ya mvua ianze saa ngapi. Watu wa hali ya hewa wanasoma mvua saa tatu asubuhi, ukiacha saa sita usiku namba zako hazitalingana na zao hata kidogo.

Ya pili ni Davis Vantage Vue. Kifaa cha Marekani, imara, kipimo cha upepo inakituma kwenye skrini kila sekunde 2.5, na kijiko chake kinachomoka kwa skrubu moja ya mkono. Bei sasa ndugu zangu, hiyo ni ya mtu wa shamba kubwa.

Ya tatu Ecowitt WS90, haina kijiko kabisa, inahisi matone yanapogonga juu yake. Nyigu hana pa kujenga, safi, lakini manyunyu yetu ya milimani yale membamba inayahesabu pungufu.

Zile za bei rahisi zisizo na jina, kama unataka joto la nje na la ndani tu chukua, weka kivulini mbali na bati. Saa yake inayojirekebisha kwa redio izime, inatafuta mawimbi ya Ujerumani, huku hayafiki.

Yoyote utakayonunua, ipime siku hiyohiyo. Pima upana wa mdomo wa faneli. Ukiwa sentimita 11, mililita 95 za maji ni sawa na milimita 10 za mvua. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, dondosha polepole kama nusu saa, ukimwaga kwa haraka kijiko hakiwahi. Ikisoma 7, rudisha.

Kurudisha sasa ndio pananiuma. Mimi nilinunua duka moja Kariakoo, laki moja na themanini na tano, kaka muuzaji akaniambia "hii dada haina matengenezo, unafunga unasahau". Nimempigia, ananiambia waranti ni ya skrini, sensa ya nje haimo, na sensa peke yake haiuzwi, ninunue seti nyingine. Wauzaji wengine hata ukiwauliza masafa ya redio ya sensa kuongea na skrini ni megahetzi 433 au 868 wanakujibu "zote zinaingiliana", wakati sensa ya 868 haisomeki kamwe kwenye mashine ya 433. Na wanapandishia bei jina la boksi, wakati Ecowitt, Ambient Weather, Froggit, vingi vimetoka kiwanda kimoja cha China kinaitwa Fine Offset. Mwambie muuzaji akufungulie boksi hapohapo dukani, shika faneli, izungushe mwenyewe. Akikataa, toka.