AC ya mezani ya 45,000: Rujewa inasaidia, Kyela usihangaike nayo

Hivi vifeni vidogo vya maji wanavyoviita AC ya mezani vimejaa soko la Mwanjelwa, Mbeya, siku hizi, changu nimekitumia msimu wote wa joto kwa hiyo nina ya kusema, hasa kwa nyie ambao mwili unalikataa joto kabisa.

Mimi nimekulia Uyole, mwezi wa sita na wa saba kwetu ni sweta juu ya sweta na jiko la mkaa, halafu shughuli za mpunga zikanipeleka Rujewa. Kuanzia mwezi wa kumi jua la Usangu likishika mi naisha. Moyo unaenda mbio nimekaa tu, vidole vinavimba pete haitoki, harara mgongo mzima, nikisimama haraka naona giza. Nimepima malaria hakuna, taifodi hakuna, damu ipo ya kutosha, wakapima na tezi ya shingo maana ikizidisha kazi nayo inaleta joto la mwili na moyo kudunda (na huku Nyanda za Juu rovu sio kitu kigeni), majibu safi. Daktari akauliza na dawa ninazokunywa, kuna za mzio zinazozuia jasho na za presha zinazokukojoza maji yote, mi situmii hata moja. Basi naumwa ugonjwa usio na jina, mama mwenye nyumba ameshaamua ni mimba, wifi anasema nimechezewa.

Haya, kifeni. Ni kiboksi cha plastiki, maji unamimina juu, ndani kuna sponji inalowa, feni inapitisha hewa kwenye ile sponji. Gesi hakina, kompresa hakina, hiyo AC ni jina la biashara tu. Kinachopooza ni yale maji yanapokauka, ndo maana Rujewa mwezi wa kumi na moja, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, kinafanya kazi kweli. Ila kikae karibu, namaanisha kwenye stuli pembeni ya mto, ukisogea hatua mbili husikii kitu. Muuzaji atakwambia funga mlango na madirisha, usimsikilize, chumba kikijaa unyevu kinageuka bafu, acha dirisha wazi.

Sasa mwezi wa tatu nikashuka nacho Kyela kwenye msiba. Ukishapita Tukuyu unateremka tu mpaka joto linakupokea, na kule ni mvua na joto la ziwani kwa pamoja, hewa imeshalowa yenyewe, maji ya sponji yatakaukia wapi? Kilikuwa kinanipulizia mvuke, shuka likalowa, moyo ukaanza mambo yake. Shangazi akaniangalia weee akasema "mwanangu, hicho kidude zima", akaniletea feni lake la kusimama na kitenge kilichoroweka maji, nikajifunga shingoni, ndo nikalala. Kwa hiyo wa Kyela hela yenu wekeni kwenye feni kubwa la kawaida.

Kasoro zingine: maji yanaisha kabla ya usiku wa manane, sponji usipoianika inanuka panya, taa ya bluu haizimiki (nimebandika plasta). Betri hakina, umeme ukikatika na wewe umekatika, labda uwe na pawabenki. Na kama joto limekufikisha pa kuongea vitu havieleweki au ngozi inawaka, achana na vifeni, umwagiwe maji huku unapelekwa hospitali.

Walianzia 60,000 nikashusha. Ukienda waambie wakiwekee maji pale pale dukani uone kama kinavuja, cha kwanza walichonipa kilivuja wakabadilisha bila maneno, hapo nawasifu. Sponji ya akiba waliniambia iko njiani inatoka Dar, mpaka leo iko njiani.