Baiskeli ya mtumba ya Kijapani ukishafanyiwa upasuaji wa sikio: naipa nane kati ya kumi

Nianze na jibu kabisa manake najua wengine hamfiki mwisho. Kama ulikua mtu wa baiskeli, ukafanyiwa upasuaji wa sikio la ndani ukaamka dunia yote inazunguka, sasa umeshapata nafuu unatembea bila kushika ukuta na daktari kakuruhusu, basi tafuta ile baiskeli ya mtumba toka Japani, ya kikapu mbele, ambayo bomba lake limeshuka chini kabisa, ile watu wanaiita ya kike. Achana na ya matairi matatu, achana na hizi za gia za kuinama. Naipa nane kati ya kumi na hizo mbili nilizokata nitazisema huko chini.

Kwangu ilikua uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kulia, wataalamu wanauita akustiki nyuroma, sio kansa, unakua taratibu tu ila ukiachwa ukawa mkubwa unabana ubongo. Walivoutoa, mizani ya upande ule (ule uwezo wa sikio kuufanya mwili usiyumbe) ikaondoka nao, usikivu ukaondoka nao, na uso wa kulia ukalegea kidogo, jicho halifungi sawasawa. Sasa watu wakisikia unataka kurudi kwenye baiskeli wanaulizia mizani tu, hutaanguka? Kumbe sikio na jicho navyo vinadai haki yao, na mimi nakwambia vimenisumbua zaidi ya mizani yenyewe.

Tuanze na kupanda. Mimi nilikua na Phoenix, lile la Kichina lenye bomba la juu, nimeliendesha toka kijana. Fikiria unavolipanda, unasimama mguu mmoja, unarusha mwingine kwa nyuma juu ya keria, kiuno kinazunguka na kichwa kinazunguka nacho, yaani kile kitu hasa ambacho mtu wa fiziotherapia anakwambia ndo kigumu kuliko vyote kwa mtu wa sikio moja, kusimama mguu mmoja huku unageuza kichwa, wewe unakifanya kabla hata hujakaa. Hii ya Kijapani unapitisha mguu katikati kama unavuka kizingiti, kichwa kimetulia, macho yako mbele. Hilo peke yake limenitosha kununua.

La pili ni kiti. Mwambie fundi akishushe hadi nyayo zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa, sio ncha za vidole, nyayo nzima. Inavoeleweka ni hivi, sikio moja likishakufa ubongo unajifunza kutegemea lile lililobaki, na macho, na habari inayotoka kwenye nyayo na viungo. Kwenye baiskeli nyayo haziko ardhini ziko kwenye pedeli, kwaiyo msaidizi wako mmoja umemuacha nyumbani. Kiti kikiwa chini unaweza kumuita saa yoyote. Mi nilimwambia fundi atoe na pedeli kabisa kwanza (akaniangalia hivi, akasema bwana mkubwa unataka baiskeli au mkokoteni), nikawa nasukuma kwa miguu kama mtoto pale uwanja wa Tangamano, hapa Tanga mjini, asubuhi kabla vijana wa mpira hawajajaa, mpwa wangu anatembea pembeni upande wa kulia. Upande wa kulia makusudi, manake mwanzoni mwili unavutwa kwenda upande wa sikio baya na mimi wala sijui, najiona nimenyooka, yeye ndo anasema "mjomba unakuja kwangu, mjomba unakuja kwangu". Kama sikio lako baya ni la kulia na nchi yetu tunaendesha kushoto basi jua unavutwa kuelekea kwenye magari, usiingie barabarani hadi hilo liishe.

Kitu kingine ambacho hamna mtu aliniambia, hizi baiskeli zina standi ya miguu miwili, ukiiweka tairi la nyuma linanyanyuka juu. Mtu akikushikia usukani vizuri unaweza kukaa ukapiga pedeli palepale uani, huku unafanya lile zoezi la fiziotherapia la kugeuza kichwa kushoto kulia macho yameganda kwenye kitu kimoja ukutani. Mi nilikua naangalia kalenda. Siku za kwanza tarehe zote zinacheza, nikigeuza kulia kwa haraka ndo zinaruka kabisa sioni namba, baadae zikaanza kutulia. Kichefuchefu kidogo ni kawaida kwenye haya mazoezi, ubongo hauwezi kuzoea kitu ambacho haujaonjeshwa, ila kama unatapika umezidisha, shuka.

Alafu mkao. Usukani wake umerudi nyuma, unakaa wima kama upo kwenye kochi, kichwa kipo sawa na unaona mbali. Zile za gia unainama, shingo inabidi uikunje kuangalia mbele, na kwa sisi kichwa kikikaa vibaya picha nzima inayumba. Ukianza kuondoka angalia kitu cha mbali, mti au nguzo ya umeme, usiangalie tairi la mbele. Na usiogope kukanyaga, wanaoanza tena wanaenda polepole kwa woga na polepole ndo pagumu, baiskeli inajisaidia yenyewe kusimama ikishapata mwendo kidogo, mwendo wa mtu anaekimbia taratibu inatosha.

Sasa ya matairi matatu. Najua ndugu watakununulia hiyo, hata mimi shemeji yangu alishaanza kuchangisha. Jirani anayo moja aliletewa na mwanae toka Muscat, nzuri, nyekundu, ina tenga kubwa nyuma, nikaijaribu. Kwenye sakafu haina neno, mtu ambae mizani yake haijarudi kabisa masikio yote mawili ni baiskeli yake hiyo, sibishi. Ila barabara zetu zimeinuka katikati zikashuka pembeni ili maji yaende mtaroni, na hii kitu inalala vilevile barabara ilivolala, na wewe unalala nayo. Ya matairi mawili hata barabara ikiwa imeinama wewe unabaki wima. Kwenye matatu nilikua nahisi naanguka kushoto muda wote, na usukani unavuta kwenda mtaroni, mikono ikachoka. Na kona usikate kwa kasi, inanyanyua tairi la ndani, inabidi wewe ndo uegemee upande wa kona, manake yenyewe hailali kwenye kona kama ya matairi mawili. Nikashuka nikamrudishia jirani na shukrani.

Turudi kwenye sikio. Ukibaki na sikio moja unasikia sauti ila hujui inatoka wapi. Bodaboda anapiga honi, iko nyuma, iko mbele, iko kwenye uchochoro, hujui. Na upepo ukipiga lile sikio zima husikii chochote zaidi ya upepo, na Tanga ukiwa ile njia ya Raskazone upande wa bahari upepo ni wa kila siku. Mi sikio la kulia ndo lililokufa na kulia ndo magari yanaponipita. Kwaiyo saitimira sio pambo. Nilinunua ya pikipiki, fundi akaichomelea klempu ikakaa kwenye usukani upande wa kulia, kazi ya dakika chache na hela ya soda mbili. Lakini sikia, kwenye barabara mbovu kioo kinatetemeka na macho yako nayo bado yanatetemeka, huoni kitu, unaona rangi tu. Na kile kioo kimebinuka kidogo, gari linaonekana mbali kuliko lilipo. Mimi kioo nakitumia kujua kama kuna kitu, sio kujua kiko umbali gani. Kukata kulia kwenye njia panda sikati, nashuka kushoto, nageuka mwili mzima naangalia, navuka nimeikokota. Vijana wananicheka pale Ngamiani, wacheke tu.

Na jicho. Kama uso umelegea na jicho halifungi vizuri ukiwa kwenye baiskeli vumbi na upepo vinalikausha, linawasha, linatoa machozi, unaona ukungu, na jicho ndo mizani yako iliyobaki! Miwani ya jua ya kawaida haizibi pembeni. Nilichopata ni ile miwani ya plastiki nyeupe ya mafundi wa grenda, inayoziba pande zote, iko maduka ya vifaa vya ujenzi kwa elfu chache tu. Ina ubaya wake, kwenye joto inaingia mvuke, nimeitoboa vitundu viwili juu. Matone ya jicho aliyokupa daktari yaweke kabla hujatoka, sio ukirudi.

Kofia ngumu vaa, lakini kovu letu liko nyuma ya sikio na kofia nyingi za baiskeli zina kile kizungushio cha kukazia nyuma kinakalia palepale. Jaribu dukani, geuza kichwa, inama, ikibana kovu tafuta nyingine. Za bodaboda nzito sana, kichwa kinakua kizito shingo inachelewa na kizunguzungu kinarudi, mi sikuweza. Na hapa niseme kitu sio cha utani: wiki za mwanzo baada ya upasuaji usijikaze, usinyanyue baiskeli, usisukume kilima, manake yale maji ya ubongo yanaweza kuvuja kwenye kidonda. Ukiona maji mepesi yasiyo na rangi yanatoka puani au kwenye sikio au kidonda, acha habari za baiskeli nenda hospitali siku hiyohiyo. Ruhusa inatoka kwa aliyekupasua, sio kwangu.

Jioni sipandi. Giza likianza kuingia macho yanaondoka kazini, ukiwa umechoka vilevile, ukiwa na mafua, siku hujalala, unaweza kujiona umerudi nyuma kama mwanzo. Hujarudi nyuma, ubongo umechoka tu, ukipumzika unakaa sawa, lakini usiwe kwenye lami ndo unagundua. Ya Kijapani ina dainamo ya kusugua tairi na taa yake mbele, taa nzuri tu, kwangu mimi ni ya wao kuniona, sio ya kunifanya niende usiku.

Haya sasa hizo mbili nilizokata. Moja, uzito. Ni chuma, inafika kilo 18 hadi 20, mtu aliyetoka hospitali kuipandisha ngazi tatu za baraza ni kazi ya watu wawili. Na ukishashusha kiti basi magoti yanagonga usukani ukikata kona kali, kata pana. Kikapu cha mbele kisikudanganye, ukiweka kilo mbili za nyanya usukani unaanza kuyumba wenyewe, mzigo weka kwenye keria. Ya pili vipuri. Tairi lake ni la inchi 26 jembamba, sio lile la Phoenix, kwenye mchanga linazama, na tairi lenyewe kulipata dukani lazima uzunguke. Afadhali valvu ni ileile ya Phoenix, pampu yoyote ya mtaani inapiga.

Breki ya nyuma inalia. Wote mlionayo mnajua, ukikamata kidogo tu mtaa mzima unageuka. Fundi alitaka kuifungua aitibu nikamwambia iache, mi sisikii wanaonijia basi wao wanisikie.

Bei, yangu niliipata kwa laki mbili na kidogo baada ya mabishano marefu, ilikua bado na stika yake ya Kijapani ya usajili kwenye fremu na kufuli lile la tairi la nyuma linafanya kazi, ila ufunguo mmoja tu, kachonge wa pili siku hiyohiyo. Sehemu niliyonunua sitaitaja kwa sababu walinijazia upepo tairi zikakaza nikaona ziko vizuri, nilivofika nyumbani nikazitoa upepo nikaona zimepasuka pembeni kotekote, zimekaa kwenye kontena na yadi muda mrefu raba ikakauka. Kwaiyo ukienda kununua waambie wazitoe upepo, minya tairi ubavuni uangalie nyufa. Nyanyua mbele uzungushe usukani taratibu, ukisikia unakwama katikati ujue gololi za shingo zimekula, na kwa mtu wa mizani mbovu usukani unaokwama katikati ni hatari kuliko breki mbovu, baiskeli hiyo usiichukue hata kwa punguzo. Zungusha na pedeli kinyumenyume usikilize. Kama unaenda na sikio moja kama mimi nenda na mtu akusikilizie.